Kihenge cha Shangazi Mokami

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, shangazi yangu Mokami huingiza mkono kwenye kihenge, hutafuna punje chache za wimbi, kisha hufunga mlango. Mwaka huu anataka wimbi hiyo impatie mtamba wa ng’ombe. Lakini tangu mumewe afariki, shemeji yake Wangwe hujiona ndiye mwenye kihenge. Julai hii amekuja mara tatu.

“Uza, shemeji! Redio imetangaza bei moja nchi nzima.”

“Redio inalima hapa Turwa?”

“Lori la ushirika linaondoka kesho!”

“Liende! Mwaka jana uliuza gunia zote, Desemba ukaja hapa na debe kuomba. Niondokee, Wangwe, umenichosha!”

Akaondoka akinung’unika. Kesho yake lori lilibeba wimbi ya Wangwe, si ya shangazi. Mimi niko likizo kutoka chuo kikuu, nimesoma vitabu vya bei, lakini nilikawia hadi jioni kumuuliza shangazi kwa nini hauzi sasa.

“Sasa kila mji hapa kijijini una wimbi,” alisema. “Desemba vijana wakitahiriwa, kila mji utatafuta wimbi ya pombe ya sherehe. Wadudu hawaili hata ikikaa kihengeni. Nitauza Desemba.”