Nyuma ya Uzio Halali Mtu

Ukuta wa upande wa mlima niliuharibu mimi mwenyewe. Nasema mapema, ili anayesubiri kunisuta akose kazi.

Shule niliishia darasa la tatu. Mengine yote nimefundishwa na mwiko na timazi. Kuanzia Kisongo mpaka Tengeru kuna kuta za uzio nilizozivalisha mawe meusi kwa mikono hii, na sijasikia hata mmoja umeanguka. Kwa hiyo nilipotaka kuipamba nyumba yangu, huku juu tunakoamka na ukungu, sikumwuliza mtu. Nilibandika mawe kwa saruji moja kwa moja juu ya tofali, nikarudi nyuma hatua kumi, nikajisifu. Nilichosahau ni kwamba nyuma ya uzio halali mtu.

Nyuma ya ukuta ule alikuwa analala mke wangu. Masika ya kwanza tu, rangi ya chumbani ikavimba kama ngozi iliyoungua, ikabanduka. Ukuta ukaota kuvu nyeusi. Vitenge vyake vikanuka hata baada ya kufuliwa, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Alikivuta kitanda mpaka katikati ya chumba. Nikamwambia ni baridi ya msimu, itapita.

"Baba watoto," akasema, "baridi haioti kuvu."

Akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Nduruma, kule chini kwenye joto na vumbi. Alisema atarudi siku ukuta utakapokauka, na kwamba nisijisumbue kwenda kumbembeleza, kwa sababu aliyemfukuza si mimi, ni ukuta. Jumapili, tukitoka ibadani, watu walianza kuniuliza kama mama hajambo, kwa ile sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Nikaacha kusimama mlangoni mwa kanisa.

Nikaita fundi. Mtu mzima, ana mke na watoto, amesoma chuo. Shikamoo hakutoa. Alizunguka nyumba, akagonga mawe yangu kwa funguo za pikipiki, akauliza ni nani aliyefanya uchafu huu. Nikamwambia anamtazama. Akacheka. Akanieleza, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba jiwe na saruji hunywa maji, kwamba tofali huyapokea na kuyapitisha ndani, na kwamba kati ya tofali na mawe panatakiwa karatasi ya lami, juu yake waya, juu ya waya plasta, ndipo yaje mawe. Alisema kweli. Sikumpenda, lakini alisema kweli, na mawe yangu nikayang'oa mwenyewe, moja moja, kwa tindo. Mengine yalitoka na ngozi ya vidole vyangu.

Matofali yakaachwa miezi miwili ya kiangazi yakauke. Kisha akaja na maroli yake ya karatasi ya lami, akapanda jukwaa, akaanza kupigilia. Alianzia juu. Alimaliza mstari wa juu, akashuka, akaweka wa pili, na kichwa cha ule wa pili akakilaza juu ya mkia wa ule wa kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, natazama. Nikamwambia ashuke.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya majani. Mama yangu alikuwa akitusimamia tukiezeka, na ukianzia juu alikuchapa kwa lile jani ulilolishika. Unaanzia chini, unapanda, kila safu inailalia iliyo chini yake, ili maji yateleze kutoka mgongo hadi mgongo mpaka ardhini. Hata bati linawekwa hivyo hivyo. Fundi yeye alikuwa ameacha kila mkunjo umefungua mdomo kuelekea mbinguni.

Nikamweleza. Akasema mambo ya nyumba za majani yalishapita, na kwamba plasta itaziba. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyenifundisha kuwa saruji inakunywa maji, na plasta ni saruji. Hapo akakasirika. Akachukua roli, akaligeuza upande wenye maandishi, akanisogezea mpaka puani.

"Maelekezo haya hapa, mzee. Soma."

Alijua. Mtaa mzima unajua kwamba barua zangu nasomewa na mke wangu. Nilichota jagi la maji, nikapanda jukwaa na magoti yangu haya, nikayamimina taratibu juu ya karatasi yake. Kisha nikashuka, nikaifunua kwa chini. Tofali lilikuwa limelowa chapachapa.

"Mimi nimeshasoma," nikamwambia. "Sasa soma wewe."

Akasema maji yale nimeyamwaga kwa ubaya. Nikamwambia mvua ya mlima huu ndiyo yenye ubaya, mimi nimeiga tu. Akakusanya nyundo zake, akasema nitamtafuta. Sikumtafuta. Mpaka leo tukikutana sokoni Tengeru, kila mmoja huwa na nyanya za kutazama.

Nilizibandua karatasi zote. Nikaanza upya kutoka chini, misumari yenye kofia pana, kila mstari ukifunika ulio chini yake kwa upana wa shibiri. Chini kabisa niliacha upenyo ili maji yakishuka yapate pa kutokea. Nikafunga waya, nikapiga plasta, nikarudisha mawe yale yale. Kazi ambayo zamani ningeimaliza kwa wiki ilinichukua mwezi na nusu, na kila jioni nilishuka jukwaani kinyumenyume kama ng'ombe anayeshushwa kwenye lori.

Mke wangu alikuja mvua za vuli zilipoanza, na mfuko mdogo wenye nguo za siku tatu. Hakusifu mawe. Aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani, akakinusa, akaenda jikoni. Kitanda kilibaki katikati ya chumba. Mvua ikanyesha siku mbili kutoka mlimani, ile ya kupiga ubavu. Kila nilipopita alikuwa na kiganja ukutani.

Asubuhi ya tatu, nikiwa nje natazama maji yakitoka kwenye ule upenyo wa chini, nilisikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Nikaingia mbio. Alikuwa anakisukuma peke yake kuelekea ukutani.

"Usisimame hapo kama mgeni," akasema. "Shika huko. Ukimaliza, uende Nduruma ukanichukulie nguo zangu zilizobaki."