Dawa Iliyobaki Kwenye Friji

Mwaka ule sikuweza kutulia. Nilikuwa nimeajiriwa katika maabara moja hapa Birmingham kutafuta virusi vinavyoitwa fagi. Hivi havimdhuru mtu wala mti. Windo lao ni bakteria tu. Fagi humwingia bakteria, huzaana ndani yake, kisha humpasua. Tulitaka vile vinavyoua bakteria wa donda la miti ya matunda, ugonjwa unaobambua gome na kulivujisha utomvu.

Kanisani nilifahamiana na muuguzi mstaafu, Mkenya mwenzangu, aliyekodi kishamba kule Shard End, mtaa wa pembezoni mwa jiji, kati ya vishamba vingine vingi vilivyopakana. Alikuwa na mplamu mmoja, kwa kuwa kwao Kinangop plamu ndizo zilizomlea, na mplamu huo ulikuwa na donda. Kamati ya wakulima wa pale ilimtaka aukate kabla haujaambukiza miti ya majirani.

"Wewe si daktari wa miti?" aliniuliza.

"Mimi ni wa visahani vya maabara tu, Mama."

"Basi anza na visahani."

Nikachukua udongo wa chini ya mti na vipande vya gome. Maabarani nilivikoroga kwenye maji, nikayachuja, kisha nikayadondoshea juu ya bakteria walioota kwenye jeli kama utando wa maziwa. Kesho yake nilifika mapema, nikafungua kabati la joto la kuoteshea bakteria nikiwa bado na koti mwilini. Utando ulikuwa umetoboka vitundu safi. Fagi walikuwemo, walikuwa pale pale chini ya mti wake.

Nilimpigia simu nikiwa nimesimama koridoni.

"Vizuri," alisema. "Utaileta lini hiyo dawa?"

Hatukuwa na kibali cha kunyunyizia chochote nje ya maabara. Tena jua huwaua fagi upesi, na bakteria nao hujibadilisha wakawa hawashikiki. Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekaa wodini muda mrefu," akasema. "Dawa ya majaribio naijua. Lakini anayesubiri kibali siye anayeoza."

Kuanzia siku hiyo kazi ilinishinda kukaa nayo. Nilianza jambo hili nikaliacha, nikashika lile. Chupa ya fagi wale ilikuwa kwenye friji, ndogo ya kuingia mfukoni. Mara moja niliitoa, nikaifunga kwa karatasi, nikaiweka ndani ya mkoba wangu. Nilifika hadi mlangoni. Kisha nikafikiria mashamba yale mengine, na watu ambao hakuna aliyewauliza, nikarudi kuirudisha. Sikujiona mwema. Nilijiona mwoga, na hata leo sijui lipi lilikuwa kweli.

Jumamosi nilipanda basi kwenda kwake mikono mitupu. Nilimkuta juu ya ngazi, msumeno mkononi.

"Umeleta?"

"Hapana, Mama."

Aliendelea kukata, na mimi nikashika ngazi, maana ilikuwa ikitikisika. Alikata kila tawi lenye donda mpaka akafikia sehemu nyeupe ya ndani isiyo na doa. Alipoteremka alisema tu, "Kidole hukatwa mguu upone. Chota maji tuoshe msumeno."

Kamati ikampa muda hadi majira ya machipuko. Majira hayo yakaja, upande mmoja ukachanua, nikadhani tumenusurika. Kiangazi utomvu ukaanza kuvuja kwenye shina lenyewe. Aliwaita watu wakaung'oa mti. Mimi nilikuwa kazini; aliniambia baadaye, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kwamba mvua imenyesha.

Huku kwetu maabarani bakteria walianza kuwashinda fagi wa aina moja peke yao, kwa hiyo tukachanganya aina kadhaa pamoja. Miche tuliyoinyunyizia jioni ndani ya banda la vioo la maabara, jua likishazama, ilipona vizuri kuliko ile ya mchana. Hatimaye kibali cha kujaribu kwenye bustani moja kikatolewa. Nilimpelekea habari nyumbani kwake, nikamwambia kwamba fagi wa udongo wake wamo katika mchanganyiko.

Alinimiminia chai, akasukuma sukari karibu yangu.

"Kama hiyo dawa itafanya kazi," akasema, "miche ya plamu inauzwa wapi?"

Nilimwambia asubiri kwanza. Alicheka kidogo, na wiki iliyofuata alikuwa ameshachimba shimo la mche mpya.