Shimo la Makumbi

Kijijini kwetu, kaskazini ya Bagamoyo, mtu hana haja ya saa. Maji yakitoka, wanawake wanateremka pwani na majembe. Yakirudi, wanapanda na mizigo. Katikati hapo kuna chai, kuna kusalimiana kwa kirefu mpaka kuku wa nyumba nao waulizwe hali, kuna adhana, kuna usingizi kidogo wa mchana. Wageni husema hapa hakuna kinachotokea. Mimi huwaacha waseme, maana hawajanusa shimo la makumbi.

Makumbi ni yale maganda ya nazi ambayo watu wa mjini huyatupa. Sisi tunayafukia kwenye matope ya pwani, tunayalaza chini ya mawe, tunayaacha miezi mpaka yalainike. Kisha tunayafukua, tunayaponda kwa gongo tupate nyuzi zake, yaani usumba, na usumba tunausokota kamba. Harufu yake, nisikudanganye, inakimbiza paka. Lakini kamba yenyewe inafunga paa la makuti na haiogopi chumvi, wakati nailoni mnayoisifu inaliwa na jua huku mnaitazama.

Kila nyumba ina shimo lake, limezungushiwa mawe. La kwetu alilichimba bibi yangu, akamwachia mama. Desturi ni moja tu: shimo lisiloguswa msimu mzima limeachwa, na anayelitaka analichukua bila ugomvi.

Mama alipoteleza uani akavunjika nyonga, mimi nilikuwa Dar es Salaam, miaka na miaka nashona sare za shule. Nikafunga cherehani, nikarudi. Siku ya tatu akaja jirani yetu kumjulia hali. Walipomaliza kuulizana habari, akasema taratibu, "Dada, lile shimo lenu sasa halina mwenyewe. Na binti yangu anatafuta mahali."

Mama aligeuzia uso ukutani. Sikuwahi kumwona mama yangu akimpa mtu kisogo, na hasira zikanipanda.

"Shimo lina mwenyewe, mama mdogo," nikasema. "Kesho nateremka."

Jirani akaitazama mikono yangu iliyozoea vitambaa, akatabasamu kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikafukua shimo zima. Wenzangu walitoa makumbi machache machache. Mimi nikajaza tenga baada ya tenga, nikapandisha safari baada ya safari, kichwa juu, moyoni nikiwaita wavivu. Nikayamwaga uani, nikaponda mpaka adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge. Yaliyobaki nikayaacha juani, nikaenda kujinyoosha kidogo. Nilipoamka alasiri yalikuwa yamekuwa kuni. Kumbi likishakauka halipondeki. Linavunjika vipande, na usumba wake haufai hata kujazia mto. Hilo analijua mtoto yeyote wa hapa. Nami nililijua, ila siku ile nilikuwa nashindana na tabasamu la mtu.

Mama aliomba apelekewe moja kitandani. Akaligonga kwa ukucha, likalia ko, ko. Nikangoja matusi, maana mama yangu anayo mazuri.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Wewe umetaka kibaba kizima kwa mkupuo. Haya, yarudishe yakalowe upya."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Kwani uliyatoa kwa siri?"

Maji yalipotoka nikarudisha makumbi shimoni. Safari zikawa zile zile, ila kichwa hakikuwa juu. Wenzangu wakaacha majembe wakanitazama, kisha mmoja akashindwa kujizuia: "Mwenzetu, leo unahama au unahamia?" Wakacheka, na jirani naye akacheka.

"Niliyatoa yote yakakauka," nikasema. "Nimekosea, nayafukia tena."

Nilitegemea wacheke zaidi, lakini wakarudi kwenye mashimo yao. Mmoja akanionyesha jinsi ya kupanga mawe ili maji yakirudi yasiyasukume.

Tangu hapo sikukosa kuteremka maji yakitoka hata siku moja. Si yote yaliyolainika tena, lakini mengi yalikubali. Nikawa natoa matano, sita, ya kuponda siku ile ile yakiwa bado mabichi. Mama tulimwekea mkeka uani, mgongo kwenye mto. Nyonga ilivunjika, mikono haikuvunjika. Mimi naponda, yeye anasokota, na kila fungu la usumba wangu analivuta kwa nguvu zake zote akitafuta pa kunisema. Malengelenge yakawa sugu. Harufu ikaingia mpaka kwenye kanga ya kutokea; nilikwenda harusini kijiji cha Zinga, wanawake wakasogea kidogo pale mkekani. Nami nikakaa nimejitanua, najivuna.

Msimu ulipokaribia kwisha, bibi harusi mmoja aliyeolewa kijijini kwetu alikuja pwani na jembe jipya, akitafuta pa kuchimba. Akalinyooshea kidole shimo letu, akauliza kama lina mtu. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni, tope mpaka magotini, nikainua kichwa nijibu.

Jirani akaniwahi. Hakuacha hata kufukua.

"Hilo lina mwenyewe," akasema. "Nenda kule mbele."

Nilipanda nyumbani bila hata kunawa miguu, nikamweleza mama. Akaniambia nirudie maneno yalivyosemwa. Nikarudia. Akaweka usumba chini, akaniambia nirudie tena.