Vumbi Lililotolewa kwa Vumbi

Dada yangu anachunguza vumbi. Mama alipoambiwa hivyo alicheka hadi akashika mbavu.

"Miaka yote hiyo chuoni? Ungesema mapema, mwanangu, nikupe ufagio uanzie chini ya kitanda cha mdogo wako!"

Dada akacheka naye, kisha akaeleza. Katikati ya galaksi fulani kuna shimo jeusi kubwa, na gesi inayolizunguka huwaka vikali kabla ya kumezwa. Vumbi la pembeni huuziba mwanga huo tusiuone, lakini lenyewe hupata moto na kutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho.

"Ni kama pasi gizani, mama. Huioni, ila ukisogeza kiganja unajua ina moto."

Taabu ni kwamba hata hewa yetu na darubini yenyewe vina joto, nalo huingia pichani. Kwa hiyo darubini hupiga picha ya galaksi, kisha husogezwa pembeni na kupiga anga tupu. Picha ya pili hutolewa kwenye ya kwanza, na kinachobaki ndicho cha galaksi.

Mkuu wa idara yao, ambaye nyumbani tulimwita Bwana Haraka, aliagiza darubini isogezwe kidogo tu, ili kuokoa muda. Ikasogezwa kidogo mno. Hiyo "anga tupu" ilikuwa bado ndani ya vumbi la galaksi ileile! Vumbi likatolewa kwa vumbi, picha ikatoka nyeusi tii, na Bwana Haraka akatangaza kwamba amegundua galaksi isiyo na vumbi, akaalika wataalamu wa nje waje kuiona.

Nilikuwepo ofisini, nimempelekea Dada chakula wakati wasomi wa idara wakinywa chai, alipomwambia Bwana Haraka, "Profesa, turudie. Tusogeze mbali zaidi."

"Zamu yetu ya darubini imekwisha, binti yangu. Kwani hilo vumbi ni shangazi yako?"

"Basi tusiseme halipo. Tuseme hatujui."

"Wageni hawapandi ndege kuja kusikia hatujui. Halafu, mkataba wako unaisha lini vile?"

Aliyasema hayo akitabasamu, akikoroga chai! Mtu aliyekabidhiwa vijana awafundishe kutafuta ukweli, anautishia ukweli kwa mkate wa mtu. Na ile meza yote ya wasomi ikainamia vikombe vyake, kana kwamba walikuwa wakitafuta galaksi humo.

Siku ya wageni, kama Dada alivyonisimulia baadaye, mmoja wao aliuliza ile anga tupu ilipigwa wapi. Bwana Haraka akamnyooshea Dada mkono. "Msaidizi wangu ndiye aliyeichakata picha. Atawathibitishia kuwa palikuwa patupu."

Dada akasimama.

"Hapakuwa patupu," alisema. "Picha hii haiwezi kutuambia kama vumbi lipo au halipo."

Akaketi. Mkataba wake haukuongezwa. Picha ile ingali ukutani pale kwenye korido, imewekewa fremu, na huonyeshwa wanafunzi wapya kama ushindi wa idara. Ushindi! Nikipita pale natamani kuing'oa pamoja na msumari wake.

Dada sasa anafundisha fizikia sekondari, na ameomba zamu kwenye darubini nyingine. Juzi Mama alimkuta mezani akipanga mahali pa kupiga anga tupu.

"Safari hii wapi?" Mama akauliza.

"Mbali, mama. Mbali kabisa."

Mama hakucheka. Alimsogezea taa.