Benchi Refu la Mahakamani

Jumanne, saa nne asubuhi, kesi ile ilibadilika. Nilikuwa nimeketi nyuma, katika mahakama moja hapa Kampala. Mfungwa mmoja ameishtaki serikali: selini mwao watu hulala kiubavu, wamebanana, na hakuna anayegeuka mpaka wageuke wote. Anadai nafasi ya kulala kama binadamu.

Wakili wa serikali akasema, "Mheshimiwa, hayo ni maneno tu. Ushahidi uko wapi?"

Jaji alikuwa akimtazama mfungwa na mashahidi wake, wafungwa wenzake. Benchi lao lilikuwa refu na tupu, lakini wote walijikunja kiubavu kwenye ncha moja, bega nyuma ya bega.

"Mbona mmebanana? Sogeeni, nafasi ipo."

Wakatazamana. Mmoja akamwuliza askari magereza, "Afande, tusogee wote pamoja?"

Watu wakacheka. Wakili hakuuliza tena habari za ushahidi.

Marehemu kaka yangu alitoka gerezani mgonjwa, akawa analala ukingoni mwa kitanda kipana. Tulidhani anaona haya tu.

Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake, ageuke atakapo, bila kungoja wenzake. Amin.