Fundi Cherehani Apima Bafu

Mume wangu ni fundi cherehani, na ugonjwa wa mafundi cherehani ni kwamba hawaamini kitu ambacho hawajakizungushia futi. Tulipoamua kutengeneza bafu, mtu mwingine angemwita fundi ujenzi. Yeye aliingia na futi yake shingoni na chaki ya kitambaa mfukoni, akajifungia humo asubuhi nzima. Sisi wengine tulienda kujisaidia kwa jirani, na jirani akaanza kutuuliza kama tumehamia.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mama yake. Mwaka jana mama mkwe wangu alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu, akaangukia kiuno. Tangu siku hiyo nilikuwa namwogesha mimi. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamshika mkono, naye akageuzia uso ukutani mpaka nimalize. Mwanamke huyu amenigombeza miaka ishirini na miwili bila kupumzika, hata kwa namna ninavyomenya vitunguu, na nilimzoea. Lakini kuogeshwa na mkamwana kulimshinda. Siku moja nikimsugua mgongo akaniambia, "Mwanangu, nataka kuoga peke yangu, mlango umefungwa. Hata mara moja tu kabla sijafa."

Niliyapeleka maneno hayo kwa mume wangu kama yalivyo, sikuyapunguza. Kesho yake akasema cherehani ya pili, ile tuliyokuwa tukiiwekea akiba, itasubiri.

Kwa hiyo pesa ilikuwepo, ya wastani, si ya kuringia wala ya kulilia. Ilitosha kuvunja kizingiti, kuweka choo cha kukalia, sinki, vigae visivyoteleza, na vyuma vya kushikilia ukutani. Mlango ungebaki ule ule na kupakwa rangi. Binti yetu hakuuafiki mpango huo. Alikuja na simu yake kutuonyesha picha ya hodhi jeupe la kulala ndani, limezungukwa na mishumaa.

"Mishumaa ya nini?" bibi yake akauliza. "Umeme umekatika?"

Baba yake hakubisha. Alichukua magazeti akalikata hodhi lile kwa ukubwa wake kamili, kama anavyokata ruwaza ya gauni, akalitandaza sakafuni. Likaziba mlango. "Haya," akasema, "tutaoga vizuri, kisha tutatokea dirishani." Binti akaenda zake amenuna. Choo na sinki navyo vikakatwa, vikasogezwa huku na huku, na kwa siku tatu tuliruka choo cha gazeti ili kukifikia kile cha kweli.

Fundi wa vigae tuliyempata watu humwita Pimamaji, kwa sababu haachi kipimo chake cha maji hata akienda harusini. Alisimama mlangoni akayatazama magazeti kwa muda mrefu.

"Vigae viishie wapi, fundi?" akauliza.

"Kifuani, fundi," mume wangu akajibu. "Sinki kiunoni. Kioo kianzie kidevuni."

"Kidevuni kwa nani?"

"Kwa mteja."

Mteja alikuwa mama. Mume wangu alifungua daftari lake la vipimo ukurasa wa kwanza, ambao una jina la mama yake na haujawahi kubadilishwa. Kila mwaka humshonea gauni kutoka ukurasa ule. Akapiga hesabu zake, akachora mistari miwili ya chaki ukutani, mmoja kando ya choo na mwingine pale pa kuogea. Pimamaji angetoboa kesho yake asubuhi na kufunga vyuma palepale.

Sasa niseme jambo ambalo niliapishwa nisiseme. Kila gauni jipya likifika, mama mkwe hunivuta chumbani, hufunga mlango, nami namtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake hayaoni tundu. Halafu hukunja pindo kwa mkono wake. Mwanzo lilikuwa la vidole viwili. Likawa la vitatu. Gauni la mwisho lilikunjwa kiganja kizima. "Usimwambie," hunionya, "atajisikia vibaya." Na mimi, mjinga, nikaapa.

Nilisimama pale nikiitazama ile mistari, roho inaniuma. Chuma kikifungwa juu asikifikie, ataendelea kugeuzia uso ukutani mbele yangu mpaka siku yake ifike.

"Mpime tena," nikasema.

"Nimpime nini? Simjui mama yangu?" Akakasirika kweli, futi ikamdondoka shingoni.

Nikaona huyu ataingilika kwa mlango wa kazi yake tu. "Hata gauni linajaribiwa kabla ya kushonwa moja kwa moja," nikamwambia. Akaiokota futi, akamwita mama yake.

Mama akaja taratibu, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki juu ya choo cha gazeti. Akanyoosha mkono kwenda kwenye mstari. Mkono ukaishia chini yake. Akajivuta, akanyoosha tena, ukaishia palepale. Akanitupia jicho kali. Mimi nikatazama dari.

"Umechora juu kidogo, mwanangu," akasema.

"Haiwezekani, mama." Akapiga goti ampime kuanzia sakafuni, na pindo likawa mbele ya macho yake. Fundi haambiwi kuhusu pindo. Aliligeuza akaona mishono ya mkono, midogo, iliyonyooka, si ya kwake.

"Nani amelikunja hili?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu lile gauni la kijani."

Gauni la kijani lina miaka tisa. Mume wangu alibaki amepiga goti. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikwambie nini? Pindo ni kazi ndogo. Wewe mwenyewe nani alikufundisha kukunja?"

Akampima upya, bega hadi sakafu, mkono, kiuno. Alikuwa akinitajia namba niziandike, na ya kwanza aliipima mara mbili. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Kisha akasimama, akaifuta mistari kwa kiganja, akachora mingine chini. Asubuhi Pimamaji alipofika aliambiwa, "Toboa hapa, fundi," na akatoboa.

Bafu lilimalizika baada ya wiki tatu badala ya moja, lakini hilo sitalizungumzia, nitapandwa na hasira bure. Siku ya kwanza mama aliingia na taulo lake begani, akasukuma komeo kutoka ndani. Mimi nikasimama mlangoni kwa mazoea. Maji yakamwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena.

"Nani yuko hapo nje?"

"Mimi, mama."

"Unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Nenda kafanye kazi zako." Maji yakamwagika kidogo. "Na wewe fundi, ondoka."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na futi yake shingoni, na hakuwa ametoa hata neno. Tukaondoka.