Mguu Uliocheza Bila Kuulizwa

Kazini walimwita Kiguu na Njia, naye hakukasirika. Alikuwa msoma mita za maji. Kila mwezi alipita nyumba mia nne na ushee, lango kwa lango, daftari kwapani, akijua mbwa yupi ni kelele tu na yupi anauma kweli. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kiti kimoja kutwa nzima.

"Mwenzako ameota mizizi," watu walimtania.

"Ndiyo raha yake," alijibu. "Nikirudi namkuta palepale."

Siku hiyo mita ilikuwa nyuma ya ukuta mfupi, upande wa bondeni. Aliinama juu ya ukuta asome namba, kama alivyofanya miaka kumi na mmoja. Ukuta ukaachia. Akapinduka nao, akaanguka chali juu ya matofali. Hakuzimia. Alisikia bomba likivuja karibu na sikio, akataka kuinuka haraka kabla watu hawajamwona. Miguu haikumsikia.

"Msimwinue!" mlinzi wa nyumba aliwafokea waliokwisha kumshika mabega. "Huo mgongo! Leteni mlango wa stoo."

Wakamtelezesha juu ya mlango, mwili umenyooka, wakamfikisha hospitali hivyo hivyo.

Pingili mbili za katikati ya mgongo zilikuwa zimevunjika. Akapasuliwa, akawekewa vyuma, kisha akaambiwa atulie. Atulie! Mtu ambaye hata chai aliinywa akitembea. Alihesabu vigae vya dari, akavihesabu tena akianzia mlangoni. Kila aliyepita na koti jeupe alimuuliza, "Nitatembea lini?" Mmoja alisema avute subira, mwingine akasema tutaona, wa tatu akatazama saa yake. Miguu ililala tu kama magunia ya mtu mwingine. Usingizi nao ulimpaa. Akisinzia kidogo hushtuka, huvuta pumzi kwa nguvu kama aliyezamishwa majini. Sababu hakumwambia mtu.

Wiki ya nne, mumewe alikuwa akimwosha nyayo kwa kitambaa cha maji baridi. Ghafla mguu wa kulia ukajikunja, ukampiga mkono, beseni likamwagika.

"Mama Pacha! Mguu umecheza!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Yule mwenye mizizi akatoka mbio hadi koridoni, akawapigia simu pacha wao waliokuwa shule ya bweni. Aliporudi, mkewe alikuwa ameukodolea macho mguu ule.

"Haya, uchezeshe tena," mume alisema.

"Sikuuchezesha mimi."

"Nani basi?"

Akafumba macho, akajikaza mpaka jasho likamtoka. Mguu kimya. Mume akaugusa unyayo kwa kitambaa. Mguu ukaruka.

"Umegusa?" mke aliuliza, macho bado kayafumba.

Sista wa wodi aliwakuta wametazamana. Akavuta kiti.

"Ndani ya zile pingili mna uti laini, unene wake kama kidole chako cha mwisho," alisema. "Amri za ubongo hushukia humo, na habari za mwili hupandia humo. Wako umeumia hapa katikati. Sasa, mtu akikanyaga kaa la moto, mguu hausubiri ubongo. Habari ikifika kwenye uti, uti wenyewe unajibu: vuta! Ubongo unapata taarifa baadaye. Baada ya ajali uti wako ulipigwa bumbuwazi, ukanyamaza. Sasa umezinduka. Lakini habari haipandi kupita jeraha, na amri yako haishuki."

"Yaani mguu wangu una serikali yake."

"Kwa mambo madogo madogo, ndiyo."

"Na pumzi?" aliuliza. "Nikilala, nani anavuta pumzi? Isije nayo ikakatika kama miguu."

Mumewe akageuka. Kumbe ndicho kilichomkosesha usingizi mwezi mzima.

Sista akamgusa kisogoni. "Humu ndani, ubongo unapokutana na uti, pana shina la ubongo. Hilo ndilo linaloendesha pumzi na moyo, hata kumeza mate, umelala au uko macho. Lako ni zima. Na neva za msuli mkuu wa pumzi zinatokea shingoni, juu kabisa ya ulipoumia. Lala, mama."

Akalala mchana ule ule, mdomo wazi, akikoroma. Mumewe akatoka koridoni kuwapigia pacha mara ya pili. Simu hiyo ilikuwa fupi.

Miguu haikurudi. Iliendelea kuruka itakavyo, ikatupa shuka, siku moja nusura imwangushe kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Aligombana nayo, akagombana na mtaalamu wa viungo, kisha akajifunza kujihamisha kwa mikono kutoka kitandani hadi kitini. Nyumbani, mumewe alibomoa mlango wa chumbani ili kiti kipite.

Mkuu wake wa kazi alikuja kumshauri astaafu.

"Mgongo ndio uliovunjika," alimjibu. "Kichwa kipo."

Wakamweka kwenye simu ya malalamiko. Mteja akianza kudai mita yake inamwonea, humwambia, "Wewe ni wa geti la bluu? Angalia bomba la nyuma, karibu na banda la kuku." Mara nyingi panapovuja huwa hapohapo.

Lakini kukaa hajakuzoea. Alasiri moja alitoka peke yake, akaanza kupanda mlima wa mtaani kwao kwa mikono. Mumewe alimwona kutoka kibanda chake cha kushonea, futi ikining'inia shingoni, akamkimbilia. Kusukuma alikatazwa zamani, basi akatembea kando yake, mikono mfukoni, akiteseka. Mara mbili kiti kilirudi nyuma. Mara mbili alikaza breki, akahema, akaendelea.

Walipofika juu, viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Haya, turudi?" mume aliuliza.

"Turudi wapi? Kule ng'ambo ya barabara kuna nini siku hizi?"